Kipandikizi cha jino hukaa miaka mingapi, na kwa nini vingine hushindwa

Swali ambalo fundi wa meno ya bandia huulizwa kuliko yote, hata akiwa msibani au kwenye foleni ya teksi, ni hili: jino la kupandikiza hukaa miaka mingapi? Mabango ya kliniki yamekwisha kulijibu kwa maneno mawili, "la maisha", na mtu anayeyasoma huku akitafunia upande mmoja wa mdomo kwa sababu ya pengo hana haja ya kuyatilia shaka. Mimi ninayekaa nyuma ya pazia, katika maabara ndogo ya Kampala inayotengeneza mataji kwa ajili ya madaktari wa meno, hulijibu swali hilo kwa swali: unauliza kuhusu kipande kipi kati ya vitatu? Si utani. Kinachoitwa jino moja la kupandikiza ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja, kila kimoja kina umri wake na namna yake ya kuharibika, na sehemu kubwa ya malalamiko ninayoyasikia hutokana na watu kuvihesabu vyote kuwa kitu kimoja.

Chini kabisa, ndani ya mfupa wa taya, kuna kipandikizi chenyewe: kijiti cha titaniamu chenye hesi, yaani mizingo kama ya skrubu, upana wake milimita 3 hadi 5, urefu wake kwa kawaida milimita 8 hadi 13, ambacho kazi yake ni kuwa mzizi. Juu yake hukaa kiunganishi, kipande kifupi kinachopenya ufizi na kuchungulia mdomoni. Juu ya kiunganishi ndipo huja taji, ambalo wengi huliita kofia, la kauri au zirkonia, na hilo ndilo jino linaloonekana mtu akicheka. Taji hushikiliwa na skrubu ndogo inayopita katikati yake hadi ndani ya kipandikizi, au hugandishwa kwa saruji ya meno. Kipandikizi kilichoshikwa vizuri na mfupa kinaweza kumzidi umri aliyewekewa. Taji lililo juu yake ni kitu cha kuchakaa, na daktari mkweli atakuambia ulitegemee kwa miaka 10 hadi 15 kabla ya kuhitaji jingine. Nayo skrubu inaweza kulegea hata katika mwaka wa kwanza, na kuikaza upya kwa kawaida ni kazi ya muda mfupi.

Hajji mmoja wa Bombo ndiye aliyenifundisha namna ya kulieleza jambo hili. Nilikuwa nimepeleka kazi kwa daktari mmoja mjini, nikamkuta Hajji ameketi kwenye kiti cha matibabu, kanzu yake nyeupe imekunjwa vizuri magotini, na mkononi ameshika leso. Akaifungua polepole kama mtu anayefungua hirizi. "Daktari, chuma hiki kimekufa," alisema. "Nimekilipia bei ya ng'ombe wawili, na kimetoka nikila muwogo tu." Ndani ya leso kulikuwa na taji la gego, kiunganishi kikiwa bado kimegandamana nalo, na chini yake skrubu isiyozidi punje ya mchele. Daktari alimwomba apanue mdomo, akakibana kile kichwa cha chuma kilichobaki katika ufizi kwa mipini ya vyombo viwili, akakisukuma huku na huku, kikakataa kutikisika. Kisha akakigonga taratibu, kikatoa mlio mkali na safi, kama ule wa kikombe cha kauri kisicho na ufa. "Hajji," akasema, "kilichokufa ni skrubu. Chuma chenyewe kiko hai kuliko mimi." Kwa nini skrubu ile haikukazwa siku hiyohiyo ni habari nyingine, nami nitairudia.

Chuma kuitwa "hai" si mzaha mtupu, na ushahidi wake ulitoka Uswidi. Mwaka 1952, katika mji wa Lund, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura, akitumia vifaa vidogo vya titaniamu vilivyopachikwa mfupani ili aweze kuchungulia kwa hadubini. Utafiti ulipokwisha alitaka kuvitoa vifaa vyake, akakuta havitoki: mfupa ulikuwa umekua ukagusana na chuma bila nyama yoyote kati yao. Mwaka 1965, huko Gothenburg, alimwekea vipandikizi Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro za taya na kaakaa, na Larsson alipofariki mwaka 2006 vipandikizi vyake vilikuwa bado vinafanya kazi, miaka zaidi ya 40 baadaye. Huyo ndiye shahidi wa neno "maisha" linaloandikwa kwenye mabango, na ni shahidi wa kweli. Ila shahidi mmoja hawezi kuapa kwa niaba ya kila mtu.

Siri iko kwenye ngozi ya chuma hicho. Titaniamu ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando mwembamba wa oksidi, na mwili, ambao vyuma vingi huvizungushia nyama ya kovu ili kuvitenga, hauuoni utando huo kuwa adui. Hata hivyo mshikamano hautokei siku ya upasuaji. Siku hiyo kipandikizi hushikwa kama skrubu inavyoshikwa na ubao, kwa hesi zake tu, na aina ya ubao ndiyo inayoamua: mfupa wa mbele wa taya la chini ni mgumu kama mvule, ilhali mfupa wa nyuma ya taya la juu mara nyingi ni laini, mfano wa shina la mpapai. Kisha hufuata kipindi ambacho wagonjwa wengi hawaelezwi vya kutosha. Chembe za mwili huanza kwa kuumeng'enya mfupa ulioumizwa na keekee kabla ya chembe nyingine kujenga mfupa mpya mahali pake, na kwa sababu kubomoa hutangulia kujenga, mshiko wa kipandikizi katika wiki ya 2 hadi ya 4 huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa siku kilipowekwa. Ndicho kipindi ambacho maumivu yamekwisha, uvimbe umeshuka, nyuzi za kushonea zimetolewa, na mgonjwa anajiona amepona, akaanza kutafuna mahindi ya kuchoma. Kwa desturi madaktari walisubiri miezi 3 kwa taya la chini na hadi miezi 6 kwa taya la juu kabla ya kufunga taji. Vipandikizi vya siku hizi, ambavyo nyuso zake zimekwaruzwa kwa makusudi ili mfupa upate pa kushika, vimeipunguza subira hiyo lakini havikuifuta.

Tuje sasa kwenye hesabu. Tafiti nyingi zilizofuatilia vipandikizi kwa miaka 10 zinakaribiana: katika kila 100, takriban 95 huwa bado vimo mdomoni. Ni matokeo mazuri mno kwa kitu kilichotengenezwa kiwandani na kuingizwa mwilini, na sitaki msomaji atoke hapa akidhani nawakatisha watu tamaa. Lakini neno la kuangalia hapo ni "vimo". Mlango ambao mchwa wamekula fremu yake nao bado umo ukutani. Mwaka 1986 Tomas Albrektsson na wenzake walipendekeza vigezo vikali zaidi: kipandikizi kisitikisike, kisiume, kisiwe na maambukizi, na baada ya mwaka wa kwanza mfupa unaokizunguka usipungue zaidi ya milimita 0.2 kwa mwaka. Ukipima kwa mizani hiyo, idadi hushuka. Katika utafiti uliofanywa Uswidi kwa kutumia kumbukumbu za kitaifa, watu karibu 600 walipimwa miaka 9 hivi baada ya kuwekewa vipandikizi, na takriban 45 katika kila 100 walikutwa na dalili za ugonjwa unaokula mfupa kandokando ya kipandikizi. Kwa takriban 14 katika kila 100 ugonjwa huo ulikuwa wa wastani au mkali. Tena hiyo ni Uswidi, ambako meno ya watu hupimwa mara kwa mara. Takwimu nyingi za kupendeza hutoka kwenye vituo vya mabingwa na kwa wagonjwa wanaorudi kila mwaka, ilhali anayepanda basi kwenda Kotido baada ya kufungiwa taji, asionekane tena, hahesabiwi popote.

Vipandikizi vinavyoshindwa hufuata kalenda mbili tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakoleta lawama zisizo na mwenyewe. Kalenda ya kwanza ni ya miezi ya mwanzo, kabla taji halijafungwa, ambapo mfupa haukuwahi kukishika kipandikizi hata kidogo. Sababu moja ni joto. Keekee inayotoboa mfupa huzunguka kwa kasi, na ilibainika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba mfupa ukipashwa hadi nyuzijoto 47 kwa dakika 1 tu huanza kudhurika. Kwa hiyo daktari hutumia keekee kali zisizo butu, hutoboa kwa vituo, na humwagia maji ya chumvi yaliyotakaswa muda wote. Sababu nyingine ni kutikisika. Kipandikizi kikichezacheza zaidi ya mikroni 150 hivi wakati mfupa unajengeka, yaani kiasi cha unene wa nywele mbili, mwili huachana na kujenga mfupa na badala yake husuka nyama ya nyuzi kukizunguka, na chuma kilichozungukwa na nyama kitatoka leo au kesho. Ndiyo maana mpango wa "jino siku moja" si uongo, lakini si wa kila mtu: huwezekana pale ambapo mfupa ni imara, kipandikizi kimekazwa kwa nguvu ya kutosha, na taji la muda limepunguzwa kimo lisigusane na jino la taya la pili. Sababu ya tatu ni vijidudu vilivyoingia pamoja na kipandikizi, ama kutoka kwa jino lililong'olewa likiwa na usaha, ama kutoka kwa vyombo visivyotakaswa ipasavyo.

Upungufu wa mfupa unastahili maneno zaidi, kwa sababu hapa Uganda ndio unaowarudisha wengi nyumbani. Jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa ukilishika hukosa kazi na kuanza kunywea. Katika mwaka 1 upana wa ukingo wa taya unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea katika miezi 3 ya kwanza. Mtu aliyeanguka na bodaboda akapoteza meno mawili ya mbele, akashughulikia kwanza mguu uliovunjika, halafu ada ya shule ya watoto, akaja kuuliza habari za vipandikizi baada ya miaka 6, mara nyingi hukuta ukingo wa taya umebaki mwembamba kama makali ya panga. Hapo huhitajika kuongezewa mfupa kwanza, jambo linaloongeza gharama, miezi ya kusubiri na nafasi za kushindwa. Kwenye magego ya juu tatizo ni uwazi wa hewa ulio juu ya taya, ambao hushuka meno yaking'oka. Kwenye magego ya chini ni mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa, ambao ukiguswa mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi kwa muda mrefu. Eksirei ya kawaida humwonyesha daktari kimo cha mfupa bila kumwonyesha unene wake, na kwa maoni yangu anayetoboa mahali palipo finyu bila picha ya pande tatu anabahatisha kwa taya la mtu mwingine.

Kundi jingine ni la vijana. Desturi ya kuwakwangua watoto wachanga ufizi ili kuondoa "ebiino", ambavyo kwa kweli ni vichipukizi vya meno ya chonge, imewaachia baadhi ya watu wa nchi hii mapengo au meno yaliyolemaa wakiwa bado shuleni. Wazazi wao hutaka kipandikizi haraka, na haraka hiyo ni hasara: taya linalokua huyasogeza meno ya asili, lakini kipandikizi kimegandamana na mfupa na hakisogei, hivyo baada ya miaka michache jino la bandia huonekana limezama huku majirani zake wameshuka. Husubiriwa hadi ukuaji uishe, kwa kawaida baada ya miaka 18, na kwa wavulana hata zaidi.

Mwili wa mgonjwa nao una neno lake. Uvutaji wa sigara hukaribia kuzidisha mara 2 uwezekano wa kushindwa, kwa sababu hubana mishipa midogo ya damu inayolisha mfupa na ufizi. Na anayesema ameacha sigara huku akiendelea na shisha, ambayo sheria ya Uganda ya mwaka 2015 imeipiga marufuku, hajaacha kitu. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona na kukaribisha maambukizi, lakini mwenye kisukari kilichotulia hutibiwa vizuri. Vivyo hivyo kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI: virusi peke yake si kizuizi, kinachotazamwa ni kama vimedhibitiwa na kama kinga imesimama. Wanaohitaji tahadhari kubwa ni waliopigwa mionzi tayani, na wagonjwa wa saratani wanaochomwa sindano za dawa za kuzuia mfupa usimomonyoke, kwa kuwa kwao jeraha la taya linaweza kukataa kufunga kabisa.

Kalenda ya pili huanza baada ya mwaka 1 au 10, pale kipandikizi kilichoshikwa vizuri kinapoachiwa, na hapa ndipo msemo "chuma hakiozi" unapowadanganya watu. Ni kweli chuma hakitobolewi na sukari. Lakini ukoga hauchagui. Hujenga juu ya taji kama unavyojenga juu ya jino, na vijidudu vilivyomo ndani yake huushambulia ufizi. Tofauti iko kwenye ulinzi. Jino la asili limefungwa kwa mfupa kwa nyuzi nyingi zinazotoka kwenye mzizi na kujichomeka katika mfupa na ufizi, mithili ya kamba za hema, na nyuzi hizo huweka kizuizi kati ya mdomo na mfupa. Kipandikizi hakina nyuzi za namna hiyo. Nyuzi za ufizi unaokizunguka hulala sambamba na chuma bila kujichomeka humo, kama shati linalozunguka shingo bila kifungo, na damu inayofika hapo ni chache. Ukoga ukipita ukingo wa shati, njia ya kwenda kwenye mfupa ni fupi.

Ugonjwa huo huja kwa hatua mbili, na yote yanategemea umekamatwa katika hatua ipi. Katika hatua ya kwanza ni ufizi pekee uliovimba: unakuwa mwekundu, unatoka damu ukipigwa mswaki, mfupa ukiwa bado salama. Hatua hii hurekebishika ukoga ukisafishwa. Katika ya pili mfupa umeanza kuliwa, kwa kawaida kukizunguka kipandikizi pande zote kama mtaro unaochimbwa kuzunguka nguzo, na mfupa uliokwenda haurudi kwa urahisi. Daktari hufungua ufizi, husafisha hesi zilizobaki wazi, ambazo ukwaruzo wake sasa umegeuka makao mazuri ya vijidudu, na mara nyingine hujaza mfupa, lakini matokeo hayatabiriki. Mgonjwa haumwi. Nguzo haitikisiki, kwa sababu kipandikizi huendelea kusimama imara kwa milimita chache zilizobaki chini, mpaka siku ile zinapokwisha, kisha hulegea ghafla. Kwa hiyo anayesubiri maumivu au kutikisika ndipo arudi kwa daktari amesubiri dalili ya mwisho badala ya ile ya kwanza, ambayo ni damu kwenye mswaki.

Anayepaswa kuogopa zaidi ni yule aliyepoteza meno yake kwa ugonjwa wa fizi, maana kilichoyang'oa meno bado kimo mdomoni kikingoja mpangaji mpya. Fizi zinatakiwa kutibiwa kwanza, na daktari anayekubali kuweka kipandikizi katikati ya meno yanayotoka usaha nisingempelekea ndugu yangu. Mafundi nasi tuna sehemu yetu katika lawama. Nimewahi kutengeneza taji lenye tumbo kubwa mno kwa sababu pengo lilikuwa pana na nilitaka lipendeze, nikasahau kwamba chini ya tumbo lile hakuna mswaki utakaopita. Daktari alilirudisha nami nilistahili. Saruji nayo ni mhalifu anayejulikana: taji likigandishwa, saruji ya ziada inaweza kupenyezwa chini ya ufizi isionekane, ikabaki huko kama changarawe kiatuni na kuchochea uvimbe miezi au miaka baadaye. Ndiyo sababu madaktari wengi sasa hupendelea taji la skrubu linaloweza kufunguliwa, likasafishwa na kurudishwa, hata kama tundu la skrubu huzibwa kwa dawa inayoonekana kidogo.

Usafi wenyewe si wa gharama kubwa. Mswaki laini mara 2 kwa siku ukifika hadi ukingo wa ufizi, uzi wa meno au vile vijiswaki vyembamba vya kupenyeza katikati ya meno, na kupimwa mara 1 au 2 kwa mwaka, pamoja na eksirei ya kulinganisha kimo cha mfupa na kile cha siku taji lilipofungwa. Eksirei ile ya kwanza ni mali. Bila hiyo hakuna ajuaye kama mfupa umeshuka au ulizaliwa hapo.

Chanzo kingine cha kushindwa baadaye ni mzigo. Zile nyuzi za jino la asili, mbali na kulinda, ni mto na ni mlinzi wa zamu: jino likibanwa hudidimia kidogo, na hisia humwambia mtu aache kung'ata kabla hajavunja kitu. Kipandikizi kimekaa juu ya mfupa bila mto, na hisia yake ni hafifu mara kadhaa kuliko ya jino. Mwenye nacho hajui ameng'ata kwa nguvu kiasi gani. Mataji yanayorudi kwangu huwa yameandikwa historia ya mwenyewe: kauri iliyomeguka upande mmoja ni ya mtu anayefungua soda kwa meno, uso uliosuguliwa ukang'aa kama kioo ni wa mtu anayesaga meno usingizini, ambaye mkewe anajua na yeye anakataa. Mara nyingi mzigo huvunja taji au kulegeza skrubu kwanza, na tuushukuru utaratibu huo, kwa sababu skrubu inafanya kazi ya fyuzi. Skrubu inayolegea mara kwa mara inasema kitu kuhusu namna meno yanavyokutana, na kuikaza tu bila kuchunguza ni kurudisha fyuzi iliyoungua bila kutafuta waya uliogusana. Kipandikizi chenyewe kuvunjika ni nadra, ila kikivunjika hakiungwi. Anayesaga meno hutengenezewa kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, nayo ni nafuu sana ukilinganisha na taji.

Nirudi kwa Hajji. Kipandikizi chake kiliwekwa India, alikokwenda kwa matibabu ya moyo, na waliokiweka walifanya kazi safi. Lakini watengenezaji wa vipandikizi duniani ni wengi, na kila mmoja ana umbo lake la kiunganishi na la kichwa cha skrubu: wengine pembe sita, wengine mraba, wengine umbo la nyota. Daktari alijaribu bisibisi tatu alizokuwa nazo, hakuna iliyoingia. Hajji hakuwa na kadi wala barua yenye jina la mtengenezaji. Alikuwa na risiti ya hoteli. Tulipiga picha ya eksirei, tukalinganisha umbo la hesi na picha za vipandikizi mbalimbali, tukakitambua, kisha tukasubiri wiki 5 mpaka bisibisi na skrubu mpya zifike. Muda wote huo pengo lilikuwa wazi. Jambo hili halimo kwenye tafiti za miaka 10, lakini katika nchi ambayo vifaa huletwa kwa ndege na madaktari wageni huja kwa wiki 2 wakaondoka, linahesabika: kipandikizi kisicho na vipuri kinaweza kufa kikiwa kizima. Kadi inayotaja mtengenezaji, upana, urefu na namba ya toleo ni haki ya mgonjwa, na ni vyema aidai kabla ya kulipa salio. Kwa kazi ya hapa nyumbani, leseni ya daktari hutolewa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda na huhuishwa kila mwaka. Kuiulizia si utovu wa adabu.

Na kikishindwa kabisa? Kipandikizi kilicholegea hutolewa, mara nyingi kwa urahisi kuliko jino, shimo husafishwa na kuachwa lipone kwa miezi kadhaa, na kingine kinaweza kuwekwa palepale. Uwezekano wa kufaulu mara ya pili ni mdogo kidogo kuliko wa mara ya kwanza, lakini bado wengi hufaulu, mradi sababu ya kwanza imeondolewa; kumwekea kipandikizi cha pili mtu yuleyule, mwenye sigara ileile na ukoga uleule, ni kuuza bidhaa mara mbili. Wapo pia ambao jibu jema kwao ni daraja linaloegemea meno ya jirani, au sahani ya kuvaa na kuvua, na sioni aibu yoyote katika hilo. Tena kipo kitu cha katikati kinachosahaulika, ambacho ni vipandikizi 2 tu kwenye taya la chini lisilo na jino hata moja, vikishikilia meno ya kuvaa yasielee ulimi ukisogea. Kwa mzee ambaye meno yake humchomoka akiongea, tofauti huonekana siku ya kwanza anapokula mbele za watu.

Hajji hupita kwangu mara moja moja akitoka kusafishwa. Taji lake la kwanza limo kwenye droo yangu, kauri imemeguka kwenye kona, kwa sababu miaka 4 baada ya habari ya leso alilivunja kwa mfupa wa mbuzi wakati wa Idi na tukamtengenezea jingine. Alilipia taji, hakulipia upasuaji. Kipandikizi kilicho chini yake ni kilekile alichorudi nacho kutoka India, na eksirei yake ya mwisho, tuliyoiweka juu ya ile ya mwanzo tukaishika kwenye mwanga wa dirisha, ilionyesha mfupa ukiwa kwenye hesi ileile.